Udongo Mkavu wa Kibirichia

Jamani, utafiti wangu wa masters umekuwa jikoni kwa watu wiki nzima!

Nilizika kifaa kwenye shamba la viazi la Mama Kendi, kule Kibirichia. Kinapima unyevu wa udongo na kutuma vipimo bila waya hadi kwa kompyuta ya profesa wangu chuoni.

Wiki hii mvua imenyesha huko kama imetumwa. Vipimo vikasema udongo ni mkavu. Kila siku, mkavu!

Profesa akafurahi ajabu. Eti ni ugunduzi, na Ijumaa niueleze mbele ya idara nzima.

Leo nimeenda kupiga picha. Nikapata shimo tupu.

Nikapiga nduru kwamba nimeibiwa. Mama Kendi akatoka jikoni akicheka.

"Tulia, mwanangu. Mvua ilipoanza nilikitoa, nikakiweka kabatini huku jikoni na kukifunika na sweta. Hakijaguswa hata na tone!"

Hata na tone.

Nikasema asante. Ningesema nini, na alikuwa ameshanimiminia chai?

Sasa niko njiani kurudi, kifaa kiko kwa begi yangu, na profesa ameandika: "Udongo bado mkavu leo. Safi sana!"

Nimjibu aje, watu wangu?