Mguu Usioinuka

Mwani ukianikwa una harufu yake: chumvi, uvundo kidogo, na kitu kama majani ya chai yaliyosahauliwa ndani ya birika. Likizo ile nzima pale Kigombe niliivuta harufu hiyo nikiwa nimechuchumaa uani, nafunga vichipukizi vya mwani kwenye kamba tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alitaka kamba zijae kabla ya bamvua, maana ndipo maji hukupwa mbali, vigingi vya kufungia kamba baharini vikafikika, na mwanawe mkubwa nilikuwa mimi. Basi nikachuchumaa.

Siku moja niliinuka, mguu wa kushoto ukakataa. Ganzi tuliizoea, lakini hii haikuondoka. Vidole vilining'inia, ncha ya mguu ikawa inaburuza mchanga, na kila hatua chache ndala inanivuka. Nilimwambia mama mguu hauinuki. Akautazama juu chini: hauna uvimbe, hauna jeraha, wala siulilii. Akasema naringa, nakwepa kazi. Ndala iliponivuka mara ya tatu mbele ya wageni, aliiokota akanichapa nayo, huku akisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hili linanikera hadi leo. Mtoto anakwambia hawezi, wewe unampima uwezo kwa ndala!

Kisha akaitwa Bi Tatu, jirani yetu mkandaji. Naye sijui nimsemeje. Kiswahili chetu huita mguu kila kitu kuanzia nyonga hadi ukucha, kwa hiyo aliuliza mguu gani, akaoneshwa wa kushoto, akaona imetosha. Siku tano alinisugua mafuta ya nazi kwenye mgongo wa wayo na kuufunga kitambaa kwa nguvu, na kila akimaliza narudishwa kuchuchumaa. Siku tano jamani, watu wazima wawili, na hakuna aliyeuliza kutwa nzima nakaaje. Mimi nilikwisha kujiona kiguru wa maisha.

Aliyeuliza ni tabibu wa zahanati. Wayo hakuugusa kwanza. Aligonga kwa kidole upande wa nje, chini kidogo ya goti, pale kichwa cha mfupa mwembamba kinapojitokeza, nikashtuka hadi vidoleni. Akamweleza mama kwamba misuli inayoinua wayo haikai kwenye wayo. Ipo kwenye ugoko, na juu ya wayo zinapita kano tu, kama kamba za kuvutia pazia. Mshipa wa fahamu unaoiamrisha unazunguka pale chini ya goti, na kwa kuchuchumaa nilikuwa nimeubana. Alisema nisichuchumae tena, mguu utarudi wenyewe. Ulirudi, baada ya miezi miwili.

Sasa nafundisha baiolojia shule ya Mabawa, na mwanafunzi akiniandikia "mguu" ninapotaka ugoko, namkata alama bila huruma. Watoto wa leo wakisema hawasikii mguu, wanapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mama naye, kila mgeni akija, husimulia kwa kicheko jinsi nilivyokuwa naringa. Idi iliyopita nilichoka. Nikamuuliza mbele ya watu, hivi mama, hata siku moja hukufikiri kwamba nasema kweli?

Kicheko kikamwisha.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Lakini uvivu nilikuwa na dawa yake, mwanangu. Mguu uliokufa ningeufanyaje?"