Tanuri la Babu yake Zadock

Mimi nilimchukia Zadock akiwa hai, na kufa kwake hakujanipa sababu ya kubadilika. Lakini habari hii si yake. Ni ya Dorca, jirani yangu, mfinyanzi wa hapa juu ya Luanda Kotieno, ambaye vyungu vyake viligombaniwa mpaka soko la Kibuye. Zadock anaingia tu kama nzi kwenye uji.

Dorca aliolewa na Gordon, mdogo wake Zadock. Baba yao alimpa Gordon shamba la upande wa ziwa, lile lenye kilima kidogo katikati. Gordon akafa mapema, akamwachia Dorca shamba hilo na binti mmoja, Adero. Matanga hayajapoa, Zadock akaja kutaka kumrithi mjane. Dorca akamjibu mbele ya wazee, "Shemeji, rudi kwa wake zako wawili. Hao wenyewe hujamaliza kuwalisha." Watu wakacheka, na mimi nilicheka zaidi ya wote. Kicheko kile kilimkwama kooni.

"Hukutaka kurithiwa?" akasema. "Basi na wewe hutarithi kitu."

Sasa, ukoo wa waume zetu una mwiko. Moto wa vyungu hauwashwi ndani ya boma, kwa sababu unaita kifo. Mfinyanzi hutoka nje ya ua akachomee huko porini. Mimi ni mtu wa Bungoma, niliukuta mwiko huo nikauheshimu, na Dorca aliuheshimu pia, isipokuwa siku moja mwaka wa 1986. Adero alikuwa na malaria kali, anatetemeka kitandani, na wateja walikuwa wanangoja mzigo. Dorca akawasha moto nyuma ya jiko ili awe anamsikia mtoto.

Zadock aliona moshi. Alikuja na mti mrefu mkononi na nusu ya kijiji nyuma yake, na manyunyu yalikuwa yameanza. Dorca akapiga magoti, haki ya Mungu nilimwona, akasema, "Shemeji, nimekosa. Ngoja tu mvua iishe, nitavitoa mwenyewe."

"Mvua ni ya Mungu, boma ni la babu yangu!" Zadock akapiga kelele. "Hakuna mtu wa damu yetu amewahi kuchoma chungu ndani ya boma! Hakuna!" Akavikokota vyungu kwenye manyunyu vikiwa vya moto. Vilipasuka kimoja kimoja, pa, pa, na yeye amesimama pale amejishika kiuno. Nilimtukana kwa Kibukusu, maana Kijaluo changu cha sokoni hakikutosha.

Ikapita miaka, chuki haikupita. Mwaka wa 1991 wakaja watu wa kuchimba mambo ya kale, wakiongozwa na Bwana Waliaula, mtu mpole mwenye kofia ya majani. Unadhani nani aliwaleta? Zadock! Alikuwa amesikia wanaulizia vigae vya zamani huko barazani kwa chifu, akawapeleka mbio mpaka kwenye kilima cha Dorca. Hesabu yake ilikuwa hii: kwa ukoo huu, boma la zamani lililohamwa ni mali ya mtoto wa kwanza. Wakifukua nyumba ya babu pale, shamba ni lake, na Dorca arudi kwao na binti yake na udongo wake.

Dorca hakulala vizuri siku hizo. Alikuwa anakonda. "Nekoye," aliniambia, "wakipata hata jiwe la kusagia, mimi nimekwisha."

Wakachimba. Vikatoka vigae, Zadock akachinja jogoo. Yakatoka majivu, kisha ukuta wa mviringo wa udongo ulioungua mpaka ukawa mwekundu. Bwana Waliaula akafurahi, akatueleza kwamba hilo ni tanuri la kuchomea vyungu, la zamani sana, na moto uliwashwa hapo mara nyingi. Zadock akarukaruka. "Ni la babu yangu! Hili ndilo boma lake! Alichoma vyungu hapahapa!" Siku ya baraza akayarudia maneno hayohayo mbele ya chifu na wazee, kifua mbele.

Dorca akasimama. Sauti yake, yawa, ilikuwa kavu.

"Wazee, siku nilipopasuliwa vyungu vyangu mlikuwepo. Shemeji alisema hakuna mtu wa damu yao amewahi kuchoma chungu ndani ya boma. Alisema uongo siku ile, au anasema leo?"

Mzee Amolo, mkubwa wa ukoo, akamgeukia Zadock. "Jibu, kijana wangu. Babu yako aliita kifo nyumbani kwake? Au pale hapakuwa boma?"

Zadock akawa amenaswa. Akiliacha tanuri, amepoteza shamba. Akilishika, amemtukana babu kaburini. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mchimba kisima huingia mwenyewe!" na baraza zima likaangua kicheko kilekile cha zamani.

"Hapakuwa boma," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo kabisa. Chifu akasema shamba ni la Dorca.

Bwana Waliaula na watu wake walipomaliza wakafukia shimo, wakaenda. Juma lililofuata Dorca akapanga vyungu kando ya kilima chake, akawasha. Upepo wa ziwa ukaubeba moshi wote, mzito, moja kwa moja mpaka kwa Zadock. Tukamsikia akikohoa, watoto wanakohoa, mlango unagongwa kwa hasira.

Nami, ninayemchukia, nikaona huruma kidogo. Nikasema, "Mama Adero, si ungengoja upepo ugeuke?"

Akaongeza kuni.

"Ningengoja," akasema, "kama yeye angengoja mvua iishe."