Kijiti Kikavu

Mimi ni fundi magari, na sina subira na dereva asiyepima oili. Nimewafokea wengi. Mtu anakuletea injini imekufa, ukimuuliza mara ya mwisho alipima lini, anakutumbulia macho tu. Ndiyo maana baba mkwe wangu nilimpenda tangu nilipoolewa. Kwake kupima oili kulikuwa ibada.

Miaka ishirini na miwili anaendesha basi dogo la shule, na kila asubuhi ni yale yale. Basi limelala mahali tambarare, injini imepoa. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa cheupe, anakirudisha mpaka mwisho, anakichomoa tena, anakiinua kwenye mwanga. "Iko kwenye alama," anasema, hata kama hakuna mtu. Watoto wa shule wakambandika jina la Mzee Kijiti, naye akalipenda.

Jumapili nilimwaga oili yote ya basi hilo pale uani kwetu, niweke mpya na chujio jipya. Chujio nililoletewa halikuwa la gari lile. Nikaacha kazi hapo hapo, nikamwagiza mume wangu amwambie baba asiwashe. Mume wangu na kusahau ni pete na kidole.

Jumatatu nikasikia boneti. Nikatoka mbio na mswaki mdomoni. Mzee alikuwa ameshachomoa kijiti mara ya pili, amekiinua, anakikodolea macho. Kilikuwa kikavu, chuma kitupu kinang'aa.

"Iko kwenye alama," akasema.

Nilidhani ananitania, ingawa mimi na yeye si watu wa utani.

"Alama ipi, Baba?"

"Ya juu, mwanangu. Fundi gani wewe usiyeona?"

Sijui wazo lilinijia kutoka wapi, nikaokota bisibisi, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaiinua. "Na hiki cha gari langu kinasemaje?"

Akaikazia macho. "Hicho kimepungua kidogo. Ongeza."

Jamani! Mkwe wangu haoni! Mtu anayebeba watoto kumi na wanne kila siku, wangu akiwemo, haoni! Nikakumbuka ubavu wa kushoto wa basi, niliopaka rangi mara mbili muhula huu, yeye akilaumu geti. Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nikapaka nikanyamaza.

"Tangu lini, Baba?"

Hakujifanya hajaelewa. "Ni ukungu tu, mama. Unakuja, unaondoka. Barabara naijua, matuta yote nayajua." Akakunja kitambaa chake. "Usimwambie mumeo. Wakininyang'anya basi, nitakaa nyumbani nifanye nini?"

Nilimwonea huruma na nilitaka kumpigia kelele, vyote kwa pamoja. Lakini kumfokea baba mkwe sikulelewa hivyo. Nikabaki nimesimama na bisibisi yangu kama mjinga.

Binti yangu wa miaka saba akatoka ndani na begi mgongoni. Akamwamkia babu yake, akafungua mlango wa mbele wa basi.

"Wewe! Watoto wanakaa nyuma," nikamwambia.

"Leo zamu yangu, mama."

"Zamu ya nini?"

"Ya kumwambia babu taa za barabarani. Nyekundu, kijani. Ni mchezo wetu. Ukikosea unarudi nyuma."

Nikaketi kwenye bampa. "Na Ijumaa ilikuwa zamu ya nani?"

Akafikiri kidogo. "Ijumaa mwenye zamu alikuwa anaumwa, hakuja."

Mungu wangu. Nilimtazama mzee. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa basi, akaunyoosha anipe. Aliunyoosha kuelekea ukutani.

"Mama yuko huku, babu," binti yangu akasema, akamshika mkono, akaugeuza.