Glavu za Wapiga Nyundo

Siku yangu ya kwanza kazini kama mshonaji wa ngozi niliingia karakana nikiwa na vumbi la kokoto hadi kwenye kope. Enzi hizo Mjerumani alikuwa anatandika reli kutoka pwani, na ilikuwa imeshafika kwetu Ugogo. Mimi, kijana wa Msalato, nilikuwa mbeba kokoto. Kutwa kikapu kichwani, kwenda na kurudi, hadi shingo inakataa kugeuka. Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nashona kiatu changu kilichokatika, akapita Fundi Mkuu wa Ngozi, mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye kofia nyeupe na maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakufundisha kushona hivyo?"

"Baba, mzee. Kwetu ngozi za ng'ombe hazikosekani."

"Unashona vibaya. Lakini mkono wako hauna pupa. Kesho njoo kwangu."

Jamani! Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Kutoka kikapu hadi sindano, mtu wa kwetu ni nani asiyefurahi?

Nyinyi vijana mnakuta glavu zimeshonwa tayari, mnachagua rangi. Sisi tulizishona kwa mkono, na tulikuwa tukiziita mifuko ya vidole. Zilikuwa za wapiga nyundo, wale waliopasua mwamba ili reli ipite. Mmoja hushikilia mtaimbo, mwenzake anaupigilia kwa nyundo nzito mpaka tundu liingie mwambani, ndipo watie baruti. Mchana chuma kinaungua kwa jua, viganja vinapasuka. Bwana Msimamizi wa mwambani, Mjerumani, aliona kazi inachelewa, akaagiza glavu. Kiboko hakikuwa mbali na mkono wake, sitawadanganya, na hakuagiza kwa huruma.

Mzee alinifundisha kwa mpangilio. Kiganjani weka ngozi ya mbuzi, maana ni laini na inashika. Ya ng'ombe iweke mgongoni mwa mkono. Ngozi uisugue mafuta ya kondoo mpaka ikunjike bila kulia. Unatoboa kwa maharazi, kile chuma chenye ncha na mpini wa mti, halafu unapitisha uzi wa kano za ng'ombe. Uzi wa pamba kwa jasho la wale watu ungeoza upesi.

Tukashona ndogo, za wastani na kubwa, tukazimwaga juu ya ngozi ya ng'ombe, kila mtu ajichagulie. Hapo ndipo tulipoharibu. Wote walichukua kubwa! Mwembamba kubwa, mfupi kubwa. Za wastani zikabaki, ndogo hazikuguswa kabisa. Kiongozi wa wapiga nyundo, Mnyamwezi mmoja mwenye kifua kipana, mtani wangu, alizipekua zote mpaka akapata iliyo kubwa kuliko zote, akaivaa huku akicheka kama aliyepewa paja la ng'ombe.

Haikuchukua muda. Mtani aliinua nyundo, ngozi ikajikunja kiganjani, mpini ukateleza. Nyundo ikaruka na glavu yake, ikapita juu ya kichwa cha mshika mtaimbo, ikatua ndani ya pipa la maji puu! Mshika mtaimbo alijipapasa kichwa, akakikuta kipo, akakaa chini. Watu walicheka, lakini ni kile kicheko cha kuponea chupuchupu.

Bwana Msimamizi hakucheka. Alikuja hadi mlangoni kwetu.

"Jumamosi nakuja kutazama mwenyewe," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Nyundo ikiruka tena, nafukuza. Mzee, wewe Kondoa. Wewe kijana, kokoto."

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamia kazi yake, akitoboa tundu lilelile mara mbili. Mtu mzima kufukuzwa mbele za watu kama mbuzi aliyeingia shambani!

Mzee alisema, "Nenda ukawavalishe mwenyewe. Wapime alasiri, mkono ukiwa umeshavimba kwa kazi. Ukipima asubuhi na baridi hii ya kwenu, utapima mkono wa mtoto. Akunje ngumi, kiganjani pasiwe na mkunjo hata mmoja. Ncha za vidole vya glavu zisibaki tupu. Akifungua mkono, ngozi imbane kidogo bila kumuumiza. Halafu funga kamba ya kifundoni."

Nikaenda kwa mtani, maana wengine walimfuata yeye. Nikamvalisha ya wastani. Ilimkaa kama ngozi yake ya kuzaliwa.

"Vua," akasema.

"Inabana?"

"Haibani. Vua."

"Mtani, nyinyi Wanyamwezi miguu yenu ilifika pwani zamani kwa upagazi, tatizo mikono bado iko njiani!"

Kwa kawaida angenirudishia tusi la utani papo hapo. Safari hii aliniangalia machoni. "Mgogo, hebu niambie. Nikivaa hii ndogo, ngozi yangu iliyobaki anakula nani?"

Lahaula! Kumbe hilo ndilo lililokuwa linawakera. Walidhani mzee na mimi tunawapunja. Na kwa watu wa ng'ombe jambo hilo si dogo. Mnyama akichinjwa kila mtu anajua fungu lake, na anayekupa pungufu amekutukana.

Sikubishana naye. Nilichukua ile glavu yake kubwa, nikaifumua mbele yake, nikamwambia akunje ngumi, nikaikata upya kufuata mkono wake. Kila kipande kilichotoka nilimwekea mapajani. "Hiki chako. Na hiki chako. Hesabu mwenyewe, mtani, usije ukanisingizia."

Alivigeuzageuza vile vipande, akavivuta kuona kama ni imara. Taratibu uso ukafunguka. "Hivi vinatosha kufungia njuga."

"Nikushonee?"

"Unangoja nini?"

Nikamshonea mikanda miwili ya njuga za ngoma, ya kufunga miguuni. Kesho yake alasiri nilikuta foleni mlangoni, kila mmoja na glavu yake kubwa mkononi, na wa kwanza anapiga kelele: "Fundi, kata! Bana kabisa! Mimi nataka mikanda mipana!"

Jumamosi Bwana Msimamizi akaja, akasimama mikono nyuma. Wapiga nyundo walikuwa wamefunga njuga zao miguuni, makusudi. Mtani akaanzisha wimbo, nyundo zikapanda, zikashuka, njuga zikaitikia. Moyo wangu ulikuwa unapanda na kushuka nazo. Hakuna iliyoteleza. Mwisho Bwana Msimamizi alimshika mtani mkono, akaivuta glavu kwa nguvu. Haikutoka. Akavuta tena, mtani akaja nayo mzimamzima, akimtolea meno yote. Bwana yule akageukia kwetu. "Mafundi, endelea," akasema, akaondoka zake. Mzee alivua kofia, akajipangusa uso, akacheka mpaka akakohoa.

Baadaye nilihamishiwa stesheni ya Dodoma chini ya Bwana Stesheni, kushona mikanda na mifuko ya posta. Kisha bomani, kurekebisha matandiko ya punda wa Bwana Shauri, mkuu wa boma, mtu mkali aliyependa punda kuliko makarani. Kote huko nilimshika mtu mkono kwanza, ngozi baadaye, na nikamwuliza ana neno gani moyoni. Watu hawasemi mpaka uwaulize.

Mzee wangu alifanya kazi mpaka macho yakachoka. Siku ya kuondoka alijifungia mzigo wake mwenyewe, akasimama katikati ya karakana, akasema, "Leo narudi Kondoa kwa miguu yangu. Hakuna aliyenifukuza." Nami nilipostaafu nilisema maneno hayohayo, ila pa Kondoa nikaweka Msalato, kwa sauti kubwa, na wote wakanipigia makofi.