Pikipiki Iliyoachiwa Sauti

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza, na Bibi Afya akaichukia kwa hilo. Ingegoma kuwaka angeielewa. Ni kuukuu, ina haki ya kuchoka. Lakini ilinguruma vizuri tu, silensa ikitetemesha mabati ya uzio, na taa ndogo ya kijani ikimwonyesha kwamba bado haina gia. Akabana klachi, akakanyaga gia ya kwanza.

Kimya.

"Mwenzio kazima tena," alisema wifi yake, aliyekaa kizingitini akishona kifungo cha gauni. "Mmefanana nyie wawili. Kelele nyingi, safari hamna."

"Shona, wifi. Usije ukajichoma ulimi na hiyo sindano."

Kwa miaka mingi watu walimjua kwa mngurumo ule. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba: kupima watoto, kufunga vidonda, kugombeza kina baba waliochimba choo karibu na kisima. Waliposikia pikipiki ikikata kona, watu walifunika ndoo za maji mbio mbio na kuwasugua watoto nyuso. Alipostaafu, aliachiwa pikipiki ileile, ikiwa imeshachubuka rangi yote, naye akabaki na mgonjwa mmoja tu: rafiki yake, mwalimu mstaafu, mwenye donda la mguu lisilotaka kupona. Mwalimu huyo alikaa peke yake juu ya kilima. Magari hayakupanda huko, na pikipiki za kukodi ziliishia darajani kwa kuogopa mawe. Kutembea, goti la Bibi Afya halikumruhusu.

Tangu pikipiki ianze kuzima, hakuna aliyelisafisha donda lile. Mwalimu alikuwa akituma salamu kwa wapita njia, salamu za adabu, za mtu asiyependa kusumbua. Asubuhi hii salamu zilikuwa fupi: linanuka.

Kitindamimba wa Bibi Afya alikuwa fundi, na gereji yake ilikuwa nyuma ya uzio huohuo. Aliiangalia pikipiki mara moja, akatikisa kichwa. "Sahani za klachi zimegandana, mama. Spea zake hazitengenezwi tena." Alisema hivyo akitazama sakafu. Kuhusu kumpeleka mama yake kilimani, jibu lilikuwa kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Leo Bibi Afya aliamua kuipima pikipiki kama alivyopima watu. Sahani zikigandana, alijua, gia ikiingia pikipiki hushtuka, huruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ndipo izime. Hii haikuruka. Ilizimika kama mshumaa uliopulizwa. Akaitia gia ikiwa imezimwa, akabana klachi, akaisukuma. Gurudumu likazunguka laini, bila kinyongo. Klachi ilikuwa nzima.

"Mwongo," alisema.

"Nani?" aliuliza wifi. Sindano ilisimama hewani.

Bibi Afya aliinama. Alifungua kiti. Chini yake, katikati ya nyaya za zamani zilizogeuka rangi ya udongo, palikuwa na waya mmoja mpya, mwekundu. Aliufuata kwa kidole. Ulitoka penye taa ya kijani, ukaingia kwenye kidubwasha cheusi kama kiberiti, ukatokea kwenye koili, ile inayotoa cheche za kuwasha injini. Akakaa chini. Taa ikiwaka, koili inapata umeme. Gia ikiingia, taa inazima, na umeme wote unakatwa pamoja nayo. Haukuwa uzee. Mtu alikuwa amekaa, akafikiri, akaifundisha pikipiki yake kumkatalia.

Maungio ya waya yalifungwa tepu nyeusi, na ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa, ikaachwa kimkia kidogo cha kuvutia. Mafundi hawafungi hivyo. Yeye ndiye aliyefunga bandeji hivyo maisha yake yote, ili atakayefungua asimkwaruze mgonjwa. Na alikuwa amemfundisha mtu mmoja, juu ya meza ya jikoni, kwa goti la mwanafunzi mwenyewe lililokuwa likivuja damu.

Hasira ilimpanda taratibu, kuanzia miguuni.

"Ulijua," alimwambia wifi yake.

"Mimi? Walikaa sebuleni wanao wote, wewe ukiwa kitandani na bega lako limefungwa. Mimi nilileta viti tu."

"Mwite."

Wifi aliita juu ya uzio kwa sauti ya kuita watu wazime moto. Kijana akaja akifuta mikono, akaona kiti kimefunguliwa, akapunguza mwendo.

"Haya, fundi. Nionyeshe sahani zilivyogandana."

"Mama..."

"Nionyeshe!"

Kijana alichuchumaa kando ya gurudumu. "Tulikukuta kwenye mtaro, mama. Pale konani. Mtulinga umevunjika, nzi wamekujaa usoni. Hukuwa unajibu. Mimi ndiye niliyekubeba."

"Na ndipo ukaona uniue wewe mwenyewe?"

"Nilishindwa kuiondoa kabisa. Nikasema angalau uwe unaiwasha. Ukiisikia inanguruma unachangamka."

Hilo ndilo lililomchoma. "Kwa hiyo ukaniachia sauti. Kama mtoto anayepewa funguo achezee, asilie."

"Ningekwambia, ungekubali?"

"Ningekataa! Ningekataa mpaka majirani watoke nje wamejifunga mataulo! Mtu anaambiwa ili apate kukataa. Wewe umeninyima hata hiyo nafasi." Akagonga tangi kwa kiganja. "Na mwalimu? Donda lake nalo mlilijadili hapo sebuleni?"

Kijana aliinua macho kilimani. Hawakuwa wamelijadili. Halikuwajia hata akilini.

"Fungua," alisema mama yake.

Kijana akachukua kisu.

"Usikate. Vuta ncha. Si uliikunja ifunguke?"

Tepu ikatoka yote bila kuacha mkwaruzo. Kijana alirudisha waya wa zamani mahali pake. Bibi Afya akapiga kiki, akakanyaga gia. Pikipiki ikatikisika, ikang'ang'ania kuondoka. Alipoivuta isimame wima, bega lilimuuma hadi macho yakalowa, akageuza uso upande wa ukuta. Mtoto alikuwa na haki ya kuogopa. Kulijua hilo kulimzidishia hasira.

"Nikae nyuma, mama. Hadi konani tu."

"Nyuma pana sanduku la dawa."

"Nitakimbia, basi."

"Kimbia."

Penye kona alipunguza mwendo kuliko alivyowahi kupunguza, mguu mmoja ukiburuta chini. Kwenye kioo alimwona mwanawe huko mbali, shati limechomoka, mkono ubavuni, anapanda. Hakumsubiri. Mwanawe akifika juu, Bibi Afya alijisemea akibadili gia, atanawa mikono, atashika beseni la kuoshea donda, na hatageuza pua pembeni.