Moshi Mweusi Uani

Kwa miaka tisa Severa alipika vitumbua uani mwa nyumba ya kupanga, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na kila asubuhi aliwasha mkaa kwa chupa tupu za maji. Plastiki hushika moto upesi, na wateja wa sokoni hawana subira.

Katika chumba kilichotazamana na jiko lake aliishi Bi Badria, mjane mwenye pumu.

"Severa mwanangu, moshi wako unanikaba," alimwambia zaidi ya mara moja.

"Samahani bibi, unaisha sasa hivi." Kisha akaendelea na kazi.

Asubuhi moja ya masika mkaa ulikuwa umelowa. Severa akaongeza chupa, akaongeza vifuko, akatupia hata kandambili iliyokatika. Moshi ukatoka mweusi tii, ukatanda uani bila pa kwendea. Mara akasikia kishindo chumbani kwa Bi Badria.

"Bibi?"

Alichosikia ni mluzi mwembamba, wa mtu anayetafuta pumzi.

Akasukuma mlango. Bi Badria alikuwa sakafuni, macho yamemtoka, midomo imebadilika rangi, mkono ukipapasa uvunguni. Severa akapiga magoti kando yake. Nimemuua, akawaza. Nimeua mtu kwa vitumbua! Dawa ya kuvuta aliiona uvunguni, lakini aliidondosha mara mbili kabla ya kumwekea mdomoni. Haikusaidia kitu. Akapiga yowe.

Nassibu, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuja mbio, wakampakia kwenye bajaji yake. Njia nzima Severa alisikiliza pumzi za yule mama; kila iliyochelewa, na yake ilikwama.

Zahanatini walimwekea oksijeni haraka. Muuguzi akatoka nje.

"Mmemuwahisha. Alivuta nini?"

Severa alitamani kusema hajui.

"Moshi wangu," akasema. "Nawashia plastiki."

Siku ya tatu Bi Badria alirudi nyumbani. Severa akaenda kumwomba radhi, akashindwa kuinua uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sina kinyongo nawe, Severa. Ila bado nataka kuishi."

Jiko likahamia nje, kando ya barabara. Sasa Severa huokota vifuu kwa wakuna nazi wa sokoni, huvianika, na ndivyo anavyowashia. Navyo vina moshi, lakini si ule mweusi, na kwa kuwa vinachelewa kushika moto, humlazimu aamke mapema zaidi. Chupa tupu huzijaza kwenye kiroba, waokotaji wa plastiki wakazichukua. Mteja anayekuja na bakuli lake badala ya kutaka kifuko, Severa humwongezea kitumbua.

Hofu tu ndiyo haijamtoka. Bi Badria akikohoa, hata kwa mafua ya kawaida, Severa huacha vitumbua vikiungua akakimbilia ndani.