Nimemtania mshindi wa tuzo, kumbe

Mliokuwa ukumbini leo, naomba mfute ile video.

Mnajua nilikuwa jaji wa tuzo ya vitabu vya sera hapa Morogoro. Kitabu nilichokipigania kinaeleza jinsi makarani wa Mjerumani walivyoandika mashamba ya Uluguru kwa majina ya baba, wakati kwetu Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama.

Tulisoma bila kuona majina ya waandishi.

Leo nikaitwa kutangaza mshindi. Nafungua bahasha: Bi Mihayo.

Jina la Kinyamwezi. Mtani wangu kabisa.

Basi nikaanza. Nikasema hawa walikuja kujenga reli ya Mjerumani, wakamaliza ndizi zetu za Matombo, sasa wanataka na tuzo. Nikamwambia aje aipokee kwa magoti.

Watu wakacheka. Nami nikanogewa.

Akapanda taratibu, mwanamke wa makamo, akachukua kipaza sauti.

"Mama yako ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia.

"Na mama yangu ni wa huohuo. Mihayo ni babu mzaa baba, ndiye aliyekuja na reli. Kwa hiyo mimi ni wa ukoo wenu, na kwa umri huu ni mama yako mdogo."

Akanigeukia.

"Kitabu changu ulikisoma kweli, mwanangu?"

Nikapiga magoti mimi. Shikamoo yangu ilitoka kwenye spika zote.

Sasa hivi mama anapiga simu. Nadhani video ameshaiona.

Mngekuwa nyie mngepokea?